Sampuli ya udongo ya sentimita mbili, na kwa nini inakaa maabarani wiki mbili

Swali: Nina kiwanja Kawempe, upande wa chini kuelekea bondeni, chenye hati na kilicho nje ya mpaka wa ardhi oevu. Miezi minane iliyopita nilikijaza moramu kimo cha mita mbili na kuishindilia kwa roli. Sasa nataka kusimamisha jengo la kupangisha lenye sakafu nne. Mhandisi amechimba shimo la uchunguzi na kukuta, chini ya moramu, mita nne za mfinyanzi laini wa kijivu, kisha mchanga mnene juu ya mwamba uliooza. Maabara inasema kipimo cha mgandamizo kitachukua wiki mbili. Jirani yangu alipimiwa kwa siku moja tu, kwa nondo inayopigwa na nyundo, na nyumba yake imesimama. Kwa nini kipande cha udongo chenye unene wa sentimita mbili kihitaji wiki mbili, na ripoti ikija nitazame nini?

Jibu: Ndugu msomaji, ndani ya swali lako mna maswali mawili, na hasara nyingi ninazoziona katika mabonde ya Kampala zinatokana na watu kuyachukua kuwa moja. La kwanza ni kama udongo utashindwa kubeba mzigo, ukavunjika na kusukumwa pembeni chini ya msingi. La pili ni kwamba, hata usipovunjika, utapungua unene kiasi gani na kwa muda gani. Nondo iliyopigwa kwenye kiwanja cha jirani yako inajibu la kwanza, tena kwa kukadiria. La pili hailigusi kabisa, kwa sababu pigo la nyundo hukoma ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, ilhali kudidimia kwa mfinyanzi uliojaa maji ni jambo la miaka. Nyumba inaweza kuwa haina hatari yoyote ya kuanguka, na bado mwaka wa nne milango ikakataa kufunga, mabomba ya maji machafu yakapoteza mteremko, na nyufa za ngazi-ngazi zikapanda kutoka kwenye pembe za madirisha. Kwa hiyo kabla ya kuifanya nyumba ya jirani kuwa ushahidi, muulize ina umri gani.

Mfinyanzi laini kama wako huwa na maji mengi kuliko mtu anavyodhani anapoushika mkononi. Mara nyingi zaidi ya nusu ya ujazo wake ni maji yaliyokaa katika nafasi zilizo kati ya chembe. Chembe zenyewe hazibonyei kwa mzigo wa nyumba, na maji nayo hayabonyei, kwa hiyo tabaka haliwezi kupungua unene mpaka maji yatoke. Bila shaka umewahi kuona ndizi zikikamuliwa kwa nyasi ili kupata juisi. Mikono ikikandamiza kwa ghafla, rundo linagoma kwanza, kisha juisi inaanza kutafuta njia kati ya nyasi, na kadiri rundo lilivyo nene ndivyo inavyochelewa kufika nje. Ndivyo ilivyo chini ya moramu yako. Siku mzigo unapowekwa, maji ndiyo yanayoubeba. Yanapovuja polepole kuelekea juu au chini, mzigo unahamia kwenye chembe, nazo zinasogeleana, na uso wa ardhi unashuka. Aliyeligeuza jambo hili kuwa hesabu ni Karl Terzaghi, mhandisi aliyezaliwa Prague mwaka 1883, ambaye alifanya majaribio yake akiwa mwalimu mjini Istanbul kwa vifaa alivyojiundia mwenyewe, akachapisha nadharia yake mwaka 1925. Kipimo utakacholipia ni mjukuu wa moja kwa moja wa majaribio hayo.

Hapa niondoe dhana moja ambayo nimeisikia kwa mafundi na hata kwa makontrakta wenye leseni. Roli uliyoikodi ilishindilia moramu, yaani ilitoa hewa kati ya punje zake, na kazi hiyo huisha roli inapoondoka. Mfinyanzi ulio chini haukushindiliwa na roli. Huo umeanza kukamuliwa maji na uzito wa moramu yenyewe, na hata leo unapoyasoma haya bado unaendelea. Kushindilia na kukamua ni mambo mawili, ingawa yote yanamfanya mtu aseme kwamba udongo umekaa.

Sasa tuingie maabarani. Kifaa kinaitwa edometa. Sampuli inakatwa kwa waya na kisu mpaka iingie barabara ndani ya pete ya chuma, ambayo kwa ukubwa unaotumika sana ina kipenyo cha milimita 75 na kimo cha milimita 20. Pete inauzuia udongo usipanuke pembeni, kwa sababu hata kule kiwanjani tabaka pana halina nafasi ya kupanuka pembeni, hivyo njia pekee iliyobaki ni kushuka. Juu na chini ya udongo huwekwa mawe yenye vinyweleo yanayopitisha maji, yakitanguliwa na karatasi ya kuchujia, kisha kila kitu kinazamishwa majini ili sampuli isikauke. Mzigo haubandikwi moja kwa moja juu ya udongo. Unaning'inizwa kwenye ncha ya wenzo ambao kwa kawaida unaukuza mara kumi, na ndiyo maana ili kupata shinikizo la kilopaskali 50 juu ya pete hiyo (kilopaskali moja ni kama uzito wa kilo mia moja juu ya mita moja ya mraba), fundi anatundika kilo mbili na robo tu. Juu kabisa kuna geji ambayo sindano yake inasoma hadi elfu mbili za milimita, yaani 0.002.

Natamani kila mwenye kiwanja asimame mbele ya kifaa hiki walau mara moja. Uzito unapotundikwa, sindano inaruka, kisha inakimbia kwa sekunde chache, halafu mwendo unalegea. Fundi anasoma kwenye sekunde ya 6, ya 15 na ya 30, kisha dakika ya 1, 2, 4, 8, 15, 30, halafu saa 1, 2, 4, 8, na mwisho saa 24. Baada ya saa nzima jicho halioni tena sindano ikienda, lakini ukirudi asubuhi utakuta imehama. Chukua udongo wenye tabia inayoweza kufanana na ya wako, na mzigo ukapandishwa kutoka kilopaskali 50 hadi 75. Sindano itashuka kama robo ya milimita, basi. Lakini robo ya milimita kwenye udongo wa milimita 20 ni sawa na milimita 50 kwenye tabaka lako la mita nne. Ukielewa uwiano huo utaelewa pia kwa nini ninakuwa mkali kwa maabara. Jiwe lililoketi vibaya, karatasi iliyojikunja, pete iliyobaki na upenyo, au meza inayotetemeka kwa sababu ya jenereta iliyo upande wa pili wa ukuta, kila kimoja kinaweza kupotosha kipimo kwa milimita 0.05, na kosa hilo dogo likifika kiwanjani kwako limekuwa sentimita nzima.

Kuhusu wiki mbili, hesabu yake ni nyepesi. Kiwango cha Uingereza cha BS 1377, ambacho wahandisi wetu wanakitumia sana, kinapandisha mzigo kwa kuuongeza mara mbili, na kila mzigo kwa kawaida hukaa saa 24. Ukianza kwenye kilopaskali 12.5 na kuishia 800, hiyo ni mizigo saba, siku saba. Kisha mzigo unapunguzwa kwa hatua chache ili kuona udongo unarudi kiasi gani, nazo ni siku nyingine mbili au tatu. Ongeza siku ya kutayarisha, siku ya kukausha sampuli katika tanuri ili kujua kiasi cha maji, na muda wa kuchora grafu. Maabara ikikuletea matokeo ya kipimo hiki baada ya siku tatu, uliza walifanyaje.

Lakini uzuri wa kipimo uko mahali pengine, na ndiyo sababu wiki mbili si nyingi. Muda wa kukamuliwa hauendi sambamba na unene. Unakwenda na unene mara unene. Katika pete, maji yanatoka juu na chini, kwa hiyo tone lililo katikati lina safari ya milimita 10 tu. Kiwanjani kwako, kama maji yanaweza kutoka pande zote mbili, safari ni mita mbili, yaani ndefu mara 200, na muda unakuwa mrefu mara 40,000. Tuseme grafu ya maabara inaonyesha kwamba asilimia 90 ya kudidimia ilikamilika ndani ya dakika 45. Zidisha kwa 40,000 upate dakika 1,800,000, ambazo ni takribani miaka mitatu na miezi mitano. Dakika 45 za maabara zimekuonyesha miaka mitatu na zaidi ya kiwanja chako, na sijui kipimo kingine katika kazi yetu chenye ukarimu wa namna hiyo.

Hapo nimesema kama maji yanaweza kutoka pande zote mbili, na neno hilo kama si la kupita juu juu. Chini una mchanga, na mchanga unapitisha. Juu una moramu, nayo moramu si kitu kimoja. Ile yenye kokoto nyingi hupitisha maji, lakini ile nyekundu yenye unga mwingi, ikishindiliwa vizuri kama ulivyofanya, huweza kuziba karibu kama kifuniko. Ikiwa imeziba, maji yote ya mfinyanzi yanapaswa kushuka chini, safari inakuwa mita nne badala ya mbili, na miaka mitatu na nusu inageuka kuwa zaidi ya kumi na tatu. Udongo ni uleule na kipimo ni kilekile. Kwa hiyo mwombe mhandisi achukue pia gunia dogo la moramu yako na kuichunguza. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kile inachoamua. Upande mwingine, nyuzi za mchanga au mashimo ya mizizi ya mafunjo ndani ya mfinyanzi hutoa maji haraka kuliko pete inavyoonyesha, na mara nyingi bonde hukamuka upesi kuliko makadirio ya maabara. Ndiyo maana napenda kuona ndani ya ripoti picha ya sampuli iliyopasuliwa katikati kwa urefu wake.

Sasa ripoti. Utakuta namba nyingi, lakini wewe anza na swali moja: je, zimetolewa kwenye kiwango cha mzigo kinachohusu jengo lako? Maabara nyingi zina mazoea ya kutoa thamani moja ya mgandamizo iliyosomwa kati ya kilopaskali 100 na 200. Tuangalie kiwanja chako kinakaa wapi. Katikati ya mfinyanzi wako, kabla ya moramu, udongo ulikuwa unabeba kama kilopaskali 12 tu, kwa kuwa uzito wake umepunguzwa na maji yanayouinua. Mita mbili za moramu, kwa uzito wa kilonewtoni 19, yaani karibu tani mbili, kwa kila mita ya ujazo, zimeongeza 38, na jumla ni 50. Jengo la sakafu nne ni takribani kilopaskali 10 kwa kila sakafu, lakini kwa msingi mpana wa zege mzigo unasambaa unapokwenda chini, kwa hiyo tuseme 25 zinafika katikati ya tabaka. Maisha yote ya kiwanja chako yako kati ya kilopaskali 12 na 75. Thamani ya kati ya 100 na 200 haikuhusu, na tena itakufurahisha bila sababu, kwa kuwa udongo laini hubonyea zaidi kwenye mizigo ya chini kuliko kwenye mizigo ya juu. Andika barua kwa maabara mapema, kabla hawajaanza, uwaombe waanze na mizigo midogo na waongeze hatua ya 75 kati ya 50 na 100. Watakubali, ni haki yako kama mteja.

Nikupe hesabu ya mfano, na nasisitiza ni mfano, kwani namba zako zitatoka kwenye pete yako. Chukua mfinyanzi unaopungua kwa 0.6 ya elfu ya unene wake kwa kila kilopaskali moja unapobeba moramu, na 0.5 ya elfu unapobeba jengo. Kilopaskali 38 za moramu juu ya mita nne zitashusha uso kwa milimita 91. Kilopaskali 25 za jengo zitaushusha kwa milimita 50 zaidi. Lakini moramu yako ina miezi minane tu. Kwa kasi ileile ya dakika 45 maabarani, na maji yakitoka pande zote mbili, katika miezi minane udongo umekamilisha takriban asilimia 46, yaani milimita 42, na milimita 49 bado ziko njiani. Ukianza kujenga kesho, jengo lako halitashuka milimita 50 bali karibu 100, nusu yake ikiwa deni la moramu ambalo jengo linalipa bila kulikopa. Kama juu pameziba, hali ni nzito zaidi, maana miezi minane imekamilisha asilimia 23 tu. Mtu akikwambia kwamba moramu ikikaa miezi sita imetulia, anaizungumzia moramu yenyewe, na kuhusu moramu huenda ana haki. Mfinyanzi ulio chini una kalenda yake.

Ndani ya ripoti kuna jambo jingine ninalolipenda kuliko yote, nalo ni shinikizo la kale. Ukichora unene wa sampuli dhidi ya mzigo kwa kipimo cha logi, yaani ambacho kila kuongezeka kwa mzigo mara mbili kunachukua nafasi ileile, mstari unaanza kwa kushuka taratibu, kisha mahali fulani unapinda na kuporomoka. Pale unapopinda ndipo udongo unapokumbuka mzigo mkubwa kuliko yote uliowahi kuubeba, na mhandisi Arthur Casagrande alionyesha mwaka 1936 namna ya kuusoma kwenye mchoro. Udongo uliowahi kubeba zaidi ya unavyobeba leo, au ambao sehemu yake ya juu iliwahi kukauka na kukazwa na jua, una shinikizo la kale la juu, na jengo lisilolivuka litashuka kidogo tu. Kwako ningetazama upande wa pili. Ikiwa shinikizo la kale kwenye sampuli ya katikati ya tabaka linasomeka 30 badala ya 50, basi udongo unakwambia mwenyewe kwamba bado haujaipokea moramu yote. Huo ni ushahidi wa deni nililotaja, na umetoka kwenye njia tofauti kabisa na hesabu ya muda. Njia mbili zikikubaliana, unaweza kulala usingizi.

Kumbukumbu hiyo, hata hivyo, hufutika kwa urahisi. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa bomba la sampuli lililofungwa kwa kamba za mpira nyuma ya bodaboda, likiwa limelala, ncha zake zimezibwa kwa karatasi ya nailoni badala ya nta, baada ya safari ya barabara yenye mashimo tangu asubuhi. Tulipousukuma udongo utoke, ulitoka kama uji mzito, maji yakitangulia. Mwenye kazi alisisitiza tupime, tukapima, na mstari ukatoka umelala, umepinda polepole bila mahali pa kushika, kama mtu aliyesahau jina lake. Sampuli iliyovurugwa huonyesha udongo unaobonyea mno kwenye mizigo ya chini, huficha shinikizo la kale, na huonyesha maji yakitoka polepole kuliko ukweli. Mwenye jengo alilipia ripoti nzuri ya udongo ambao haukuwepo tena. Ningekataa ile kazi kama ningeletewa leo. Kwa hiyo sampuli yako ichukuliwe kwa bomba jembamba lililosukumwa taratibu bila kupigwa nyundo, izibwe kwa nta pande zote mbili, isafirishwe ikiwa imesimama wima ndani ya gari juu ya godoro au maranda, na ipimwe ndani ya siku chache. Chukua si moja bali tatu, kutoka juu, katikati na chini ya tabaka.

Uliza pia kama kuna mboji. Katika mabonde yetu, mahali palipokuwa na mafunjo, mara nyingi kuna utando mweusi wa mizizi iliyooza juu ya mfinyanzi au katikati yake. Mboji haiishi kudidimia maji yanapomaliza kutoka. Nyuzi zake zinaendelea kulegea na kujipanga upya kwa miaka mingi chini ya mzigo uleule, na saa 24 za kila hatua hazitoshi kulionyesha hilo. Kama sampuli inanuka kinamasi na inachafua vidole kwa rangi ya kahawia, omba mzigo unaolingana na wa jengo uachwe wiki nzima au zaidi, huku geji ikisomwa kila siku, na omba sampuli ichomwe tanurini ili kujua kiasi cha vitu vilivyooza. Nyuzi zikiwa ndefu, pete ya milimita 75 ni ndogo mno kwake, na inafaa chombo kikubwa zaidi kinachoitwa seli ya Rowe, kilichobuniwa Manchester miaka ya 1960, ambacho kinapokea sampuli ya hadi milimita 250.

Mdidimio wa milimita 100 peke yake hauvunji nyumba, endapo nyumba nzima inashuka pamoja. Kinachovunja ni tofauti. Kanuni inayotumika tangu miaka ya 1950 ni kwamba kuta zinaanza kupasuka tofauti kati ya nguzo mbili inapofika moja ya mia tatu ya umbali kati yao, yaani milimita 20 kwa nguzo zilizoachana mita sita. Sasa kumbuka kiwanja chako kiko ukingoni mwa bonde, mahali ambapo mfinyanzi unapungua unene kuelekea kilimani. Kama upande wa juu una mita moja na nusu tu, pale jengo litashuka kama milimita 19 huku upande wa bondeni ukishuka 50, bila kuhesabu deni la moramu. Tofauti ni milimita 31. Ikitokea ndani ya mita sita, imeshavuka kanuni. Shimo moja la uchunguzi haliwezi kukuonyesha hilo. Kabla ya kulipia kipimo cha kumi cha maabara, lipia mashimo mengine mawili, moja kila mwisho wa jengo, hata kama ni ya kuchimbwa kwa mkono.

Kuna mzigo mwingine ambao hauonekani kwenye michoro yoyote ya msanifu. Maji ya ardhini yakishuka mita moja, iwe kwa sababu mfereji wa jirani umechimbwa zaidi au kwa sababu kisima cha pampu kimewekwa karibu, mfinyanzi unabebeshwa karibu kilopaskali 10 zaidi, sawa na kuongezewa sakafu nzima. Jiji la Mexico limeshuka mita kadhaa katika karne moja hasa kwa kuvuta maji chini ya mfinyanzi wake. Sisemi Kawempe itakuwa Mexico. Ninachosema ni kwamba mhandisi wako aangalie mifereji inayopangwa kuzunguka eneo lako na aiweke ndani ya hesabu.

Wasomaji wenye viwanja vilimani wasiyachukue haya kama yalivyo. Udongo mwekundu wa vilima vyetu haujajaa maji, na hofu yake ni tofauti: unaweza kuwa mgumu ukiwa mkavu, kisha viungo vyake vikaachia ghafla unapolowa kwa bomba lililopasuka. Edometa ileile inaupima kwa kuubebesha mzigo ukiwa na unyevu wake, kwa kawaida hadi kilopaskali 200, kisha kumwaga maji na kutazama sindano. Ikianguka chini ya asilimia 1 ya unene hakuna tatizo; ikipita 5, ni udongo wa kuogopa. Na udongo mweusi wa nyanda za Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, unapimwa kinyume chake, kwa kuona unasukuma geji juu kwa nguvu gani unapolowa.

Turudi kwako. Fanya jambo moja wiki hii, wakati maabara inaendelea. Chimba kwenye moramu mahali pawili, mwisho wa bondeni na mwisho wa kilimani, mpaka ufike uso wa zamani wa ardhi. Weka bamba la chuma lenye upana wa nusu mita, lisimamishie fito ya chuma inayotokeza juu, uivalishe bomba la plastiki ili moramu isiishike, kisha rudishia udongo. Mpimaji asome kimo cha ncha za fito hizo kila baada ya wiki mbili, akilinganisha na alama iliyopigwa mahali pasiposhuka, kama jengo la zamani lililo juu ya kilima. Baada ya miezi mitatu utakuwa na mistari miwili ya kiwanja chenyewe, na mhandisi ataiweka juu ya mstari wa maabara. Kama moramu bado inashuka kwa kasi iliyotabiriwa, una njia tatu za kuzungumza naye: kusubiri mwaka mwingine, kuongeza mita moja ya moramu juu kwa muda ili kuharakisha deni na kuiondoa kabla ya kujenga, au kuvuka mfinyanzi kwa nguzo zinazokaa kwenye mchanga mnene. Ya pili ndiyo ningeitazama kwanza kwa jengo la ukubwa wako, kwa sababu moramu hiyo ya ziada ingeleta kilopaskali 19, karibu na zile 25 za jengo, na ikishaondolewa unaweza kuiuza au kuitumia kwenye njia ya magari. Lakini isiwekwe kabla uimara wa mfinyanzi haujapimwa kwa kipimo chake, ili tusisababishe lile kosa la kwanza, la udongo kuvunjika, tukilikimbia la pili, la kudidimia.